Vita vya Kelestini na Kifaduro, na Mkono Uliozikwa Mbingu

Nyamazeni, enyi akina mama mnaotwanga! Iegesheni michi ukingoni mwa vinu, funikeni vyungu, wabebeni wachanga migongoni, mje msikie habari kubwa, nzito kupita gunia la mpunga uliolowa: jinsi Kelestini mwana wa Kasmiri, dume la Kibaoni, mvunja kuni kwa goti, alivyopigana siku tatu na mnyama wa chuma aitwaye Kifaduro, hapa hapa Ifakara, mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na nne, mvua zikiwa bado zimeketi juu ya milima ya Udzungwa zikitutazama. Na ninyi vijana mnaopita mkicheka, simameni pia. Hasa ninyi. Habari hii imeandikwa kwa ajili ya mikono yenu.

Vita ile haikuanza kwa baragumu wala kwa ngoma. Ilianza kwa uvumi, na uvumi uliletwa kinuni.

Siku ya Jumatatu asubuhi, Emerensiana mama Kelestini alikuwa akitwanga mpunga na jirani yake Balbina, mama Digna, wawili kinu kimoja, mchi huu ukipanda na ule ukishuka, na kila mtu Kibaoni anajua kwamba hapajapata kuwa na wanawake wawili waliopokezana michi kama hao.

“Umesikia ya Mbingu?” Tu!

“Mbingu ya Mungu au Mbingu kijiji cha barabarani?” Tu!

“Ya barabarani, mama Kelestini, ya Mungu nitaisikilia wapi mimi.” Tu! “Yule Viktor mwenye trekta la kuzungusha kwa chuma. Limempiga teke.” Tu! “Sasa wameuzika mkono.”

Mchi wa Emerensiana ukabaki hewani.

“Wameuzika nini?”

“Mkono. Chini ya mchungwa. Na msalaba wamesimika.”

Hapo ndipo uvumi ulipomganda Emerensiana kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Aliukung'uta, haukung'utiki. Alipopasua samaki ngogo, aliona mkono wa Viktor. Alipopepeta mchele, aliona msalaba mdogo chini ya mchungwa, akajiuliza ni padri gani huyo aliyekubali kuuombea mkono mtupu, na atajibu nini akiulizwa iwapo mkono ule ulibatizwa peke yake.

Wala hakuogopa bure. Mungu alikuwa amempa mabinti watano, na mwana mmoja tu. Na mwana huyo, baba zangu na mama zangu, alikuwa na mkono wa kuume mmoja tu. Ndio mkono ulioshika jembe, ndio uliosukuma mtumbwi kwa upondo, ndio uliovuta kamba ya kengele ya misheni, na ndio ambao mwezi wa Januari ulitakiwa kumvisha Stefania pete mbele ya altare. Sasa mkono huo, kila siku, ulikuwa ukienda kushika pua ya Kifaduro.

Kifaduro ni nani? Kifaduro lilikuwa trekta kuukuu kuliko shujaa wetu mwenyewe, magurudumu yake ya chuma tupu yenye meno, rangi yake haijulikani. Aliliacha mlowezi mmoja aliyeshindwa na mbu, nalo likawa mali ya chama cha wakulima wa Kibaoni. Liliitwa Kifaduro kwa sababu ya kikohozi chake. Ukitaka kuliamsha ulichomeka chuma kilichopinda puani mwake, ukakizungusha kwa nguvu zako zote, ukimtaja mtakatifu wako. Kelestini ndiye aliyekabidhiwa, kwa kuwa alikuwa amefanya kazi misimu miwili kwenye mashine ya kukoboa mpunga chini ya fundi Fulgensi. Ni kweli alichofanya huko ni kuosha mashine. Lakini aliiosha akiitazama.

Alikuwa ameapa mbele ya wakulima wote kwamba Kifaduro litalima bonde la chama kabla ya Jumapili, yaani kabla mvua hazijageuza udongo ule kuwa uji. Kumbe manyunyu ya wiki iliyotangulia yalikuwa yameingia kwenye sanduku la cheche, lile ambalo mafundi huliita magneto. Kelestini akalifungua, akalianika juani juu ya ungo wa mama yake kando ya dagaa, na lilipokauka akalirudisha mahali pake kwa kukisia. Kwa kukisia, enyi wazazi! Neno hilo lishikeni.

Siku ya kwanza ya vita ikapambazuka. Kelestini akavua shati, akasimama mbele ya adui, akanena kwa sauti iliyofika hadi kisimani:

“Ewe Kifaduro, mzee usiye na meno isipokuwa ya magurudumu! Baba yangu amelima kwa jembe, na babu yangu amelima kwa jembe, nami leo nasema jembe lipumzike. Amka kwa heshima, au nitakuamsha kwa aibu!”

“Mwanangu!” akalia Emerensiana kutoka mlangoni pa jiko, mwiko mkononi. “Mkono huo nimeulisha uji wa mchele miaka ishirini na minne! Usiuweke mahali ambapo siwezi kuufuata!”

“Mama, hili ni trekta tu.”

“Na la Viktor lilikuwa mbuzi?”

Kelestini akakishika chuma, akazungusha. Mara Kifaduro, badala ya kwenda lilikotakiwa, likapiga teke kinyume. Chuma kikamponyoka, kikaruka kikivuma kama nyuki elfu, kikapita juu ya kofia ya Kasmiri baba Kelestini aliyekuwa ameketi akivuta kiko chake, kikaliangukia boga la Balbina lililokuwa likikua kwa amani. Boga lilikufa papo hapo. Shujaa mwenyewe alikutwa katikati ya matuta ya viazi, miguu juu.

Emerensiana alifika kabla vumbi halijatua. Hakuuliza umeumia. Alishika mkono wa kuume, akahesabu vidole kwa sauti: “Kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano.” Halafu akahesabu tena kuanzia upande wa pili, asije akadanganywa.

Ikaamuliwa fundi Fulgensi aulizwe. Fundi alikuwa ng'ambo ya mto, upande wa Mahenge, akitengeneza mashine ya watu. Mchuuzi mmoja wa samaki akavuka na pantoni akiwa na swali, na siku ya pili asubuhi akarudi na jibu, likiwa kamili kama lilivyotoka kinywani mwa fundi: “Moto umetangulia. Urudishe nyuma kidogo.”

Basi wakulima wakaketi barazani kulitafakari neno. Kasmiri, ambaye hakupata kushika spana maisha yake yote ila alikuwa na sauti nzuri ya baraza, akatoa kiko mdomoni.

“Ndugu zangu, mambo ni mepesi. Moto uko wapi? Uko ndani ya trekta. Moto umetangulia, maana yake trekta limetangulia. Fundi amesema lirudishwe nyuma. Sasa ninyi mnangoja malaika aje alisukume?”

Loo! Wakainuka wanaume kumi na wawili wenye vifua, wakaliegemea Kifaduro kwa pua yake, wakaimba, wakalisukuma nyuma hatua sita. Kelestini akakishika chuma. Teke! Akarudi kwenye viazi. Mama akahesabu vidole: vitano.

“Hatua sita hazitoshi,” akasema Kasmiri.

“Fundi alisema kidogo,” akasema mmoja.

“Kidogo cha fundi si kidogo chako. Fundi ni mtu mkubwa.”

Wakasukuma hatua kumi na mbili. Teke! Mama akahesabu. Wakasukuma tena, na tena, huku jua likiwachoma visogo, hata meno ya magurudumu yakaungusha ua wa choo cha Balbina, na Balbina akatokea juu ya makuti yaliyobaki, akahutubia:

“Enyi mashujaa wa Kibaoni! Boga langu mmeliua, nikanyamaza. Sasa mmekuja kunivunjia choo! Moto wenu ukirudi nyuma zaidi ya hapo utaingia humu ndani, na humu ndani nipo mimi!”

Jeshi likarudi makwao kwa aibu. Kelestini akaketi juu ya tuta, kiganja kimemvimba kama andazi. Mama yake akakikanda kwa maji ya chumvi, akihesabu vidole tena chini chini, na hesabu hiyo ilimtisha Kelestini kuliko mateke yote na mamba wa mto Kilombero.

“Mama, nitajaribu mara moja tu tena. Kesho.”

“Hata huyo Viktor alisema mara moja tena.”

Siku ya tatu, jua likiwa limesimama kidogo juu ya minazi ya misheni, mwanamume mmoja alishuka kwenye baiskeli mbele ya nyumba. Alikuwa amevaa koti, na mkono wake wa kuume ulikuwa ndani ya koti.

“Shikamoo, mama,” akasema, akitoa mkono wa kushoto. “Niwie radhi kwa mkono huu. Mimi ni Viktor, natoka Mbingu.”

Ungo ukamwanguka Emerensiana. Akaupokea mkono ule wa kushoto kwa mikono yake yote miwili, kama mtu anavyompokea yatima.

“Marahaba, baba. Marahaba, mwanangu. Pole. Pole sana. Mungu alitoa, Mungu ametwaa. Je, ulizikwa vizuri?”

“Nani alizikwa?”

“Mkono wako, baba! Chini ya mchungwa!”

Viktor akamtazama, akatazama koti lake, kisha akacheka hata baiskeli ikaanguka. Akautoa mkono wa kuume. Ulikuwepo wote, kiwiko na kiganja, na dole gumba limefungwa kitambaa, nene kama mhogo.

“Kunja na mkono wa koti nione,” akaamuru Emerensiana. Akaubana juu, akaubana chini. Ulikuwa wa moto. “Na ule uliozikwa?”

“Mama yangu, ule ni mkono wa trekta! Kile chuma cha kuzungushia, kwetu Mbingu tunakiita mkono. Kilinipiga hili dole gumba, kwa hasira nikasema wewe mkono hutampiga mtu tena, nikakichimbia shimo nikakizika. Msalaba wameweka watani zangu.”

“Balbinaaa!” akaita Emerensiana, na jina lile likasikika hadi sokoni.

Viktor akaeleza kilichomleta. Alikuwa amesikia kwamba kuna kijana Kibaoni anapigana na trekta la aina ile ile, akaona ni heri aje amwonyeshe dole gumba lake kabla kijana hajapata la kwake. “Ukishika chuma kile, usikizungushie dole gumba. Lilaze pamoja na wenzake upande mmoja. Kikirudi, kitafungua vidole tu kiende zake. Ukikikumbatia, utanikumbuka.”

“Na hilo teke, uliliponyaje?” akauliza Kelestini.

“Fundi aliniambia moto umetangulia, niurudishe nyuma kidogo.”

“Ukafanyaje?”

Viktor akainamisha kichwa. “Tulilisukuma nyuma mpaka mtoni.”

Basi kitendawili cha fundi kikabaki pale pale. Lakini Emerensiana alikuwa amepata faraja ya mkono ule kuwepo, na kwake yeye faraja haikai bila kazi. Akamburuta Balbina kinuni, kwa sababu mgeni lazima ale, na kwa sababu alikuwa na maneno naye.

“Umenitia hofu siku tatu!” Tu!

“Mimi nilisema mkono. Je, si mkono?” Tu!

“Ungeuliza mkono wa nani!” Tu!

Hasira ikamharakisha mchi. Ukashuka kabla wa Balbina haujatoka, michi miwili ikagongana, kwaa! Mchele ukaruka, mikono ya Emerensiana ikafa ganzi hadi mabegani, na mchi wake ukarushwa nyuma kama uliopigwa teke.

“Umetangulia!” Balbina akafoka. “Rudi nyuma kidogo!”

Naye Emerensiana, kama alivyofanya tangu utoto wake, hakusogeza mguu wowote. Aliuchelewesha mchi tu, akangoja wa mwenzake upite.

Halafu akasimama. Akatazama miguu yake. Ilikuwa pale pale.

“Mama Digna,” akasema polepole, “umeniambia nirudi nyuma. Mbona sikurudi chooni kwako?”

Akatupa mchi, akachukua mwiko, akatimua mbio. Wazee wanaokumbuka mambo wanasema hapajapata kuonekana mwanamke wa umri ule akiruka tuta la viazi namna ile.

“Kelestini! Ndani ya dude hili kuna kitu kinachopanda na kushuka?”

“Kipo, mama. Pistoni.”

“Huo ni mchi wa kwanza. Na cheche?”

“Cheche inatoka kwenye sanduku, inawasha moto juu ya pistoni.”

“Huo ni mchi wa pili! Cheche inashuka na mwenzake hajafika juu. Vinagongana, ndipo linapopiga teke. Kurudi nyuma si kwa miguu, enyi watu wazima na ndevu zenu! Kurudi nyuma ni kungoja!”

Kasmiri akatoa kiko. “Ndivyo nilivyosema.”

“Baba Kelestini, nyamaza.”

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na mama alikuwa jemadari. Kelestini akafungua plagi ya kwanza, na tundu likabaki wazi kama mdomo wa mtoto. “Pistoni hupanda mara mbili,” akasema, maana kuosha mashine akiitazama hakukuwa bure. “Mara moja na pumzi, mara moja bila pumzi. Tunaitaka yenye pumzi.” Wakaziba tundu kwa gunzi la hindi. Viktor akakizungusha chuma polepole, kwa mkono wake wa kushoto. Mara, po! Gunzi likaruka, likakipiga kiko cha Kasmiri kikaenda kuungana na boga.

“Pumzi hiyo!” watu wakapaza sauti. Kasmiri peke yake hakupaza.

Sasa Emerensiana akaubusu mwiko wake wa mninga, mwiko aliopewa na mama yake siku ya ndoa, akauingiza mpini tunduni, ukakalia kichwa cha pistoni. Viktor akazungusha kidogo kidogo. Mwiko ukaanza kupanda, taratibu, kama padri anayepanda altare. Ukiwa bado haujafika, ghafla lile sanduku likatoa cheche, likalia: tak.

“Umesikia?” akasema Emerensiana. Wakazungusha zaidi. Mwiko ukapanda vidole vitatu vingine ndipo ukasimama, usipande wala usishuke. “Imetangulia vidole vitatu. Ungekuwa unatwanga na mimi, ningeshakufukuza.”

Kelestini akalegeza boliti mbili za lile sanduku. Mwiko ukiwa umesimama kileleni, akalirudisha sanduku nyuma, kisha akaligeuza unywele kwa unywele. Watu wote wakatega sikio. Hata Balbina alinyamaza, jambo ambalo peke yake lingestahili kuandikwa. Unywele. Unywele tena.

Tak.

“Hapo!” akasema mama. “Funga hapo hapo!”

Boliti zikakazwa, mwiko ukatolewa, plagi ikarudishwa. Kikabaki chuma tu, na mkono wa kuume wa Kelestini.

Mama akachana upindo wa kanga yake mpya, akalifunga dole gumba la mwanawe ubavuni mwa vidole vinne, mafundo matatu. “Vuta kwenda juu,” akanong'ona. “Usisukumize chini. Mimi nimesimama hapa.”

“Sogea mbali, mama, litakupiga.”

“Nimesimama hapa.”

Kelestini akavuta. Kifaduro likakohoa. Akavuta tena. Likakohoa, likatoa moshi mweusi puani. Akavuta mara ya tatu, nalo halikupiga teke, halikukataa, bali likapaliwa, likapiga chafya, kisha tu-tu-tu-tu-tu, kwa zamu, cheche ikiingoja pistoni, kama wanawake wawili kwenye kinu kimoja. Kuku wakakimbilia porini. Mvua iliyokuwa ikichungulia kutoka Udzungwa ikarudi nyuma kidogo.

Likalimwa tuta moja siku ile, hatua themanini, limepinda kama mkia wa mbwa, kisha petroli ikaisha. Tuta moja! Watu waliokuwapo walilitembelea huku na huku kama kaburi la mtawa. Kasmiri alisema hapajalimwa tuta la namna ile tangu mto Kilombero ulipopata jina. Bonde lote likamalizwa Jumamosi, saa moja kabla ya mvua, lakini hilo ni la kawaida, hatuliandiki.

Emerensiana alikata mafundo matatu ya upindo kwa meno, akahesabu: “Kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano.” Januari padri alipomwambia Kelestini atoe mkono, kanisani ilisikika sauti kutoka benchi la tatu ikihesabu tena.

Basi ninyi wenye wana, na ninyi wana wenyewe, haya ndiyo ya kuepuka:

Usirudishe sanduku la cheche kwa kukisia.

Usishike chuma cha trekta kwa kulikunja dole gumba.

Usisukumize kwenda chini. Vuta kwenda juu.

Usizungushe kwa nguvu kabla hujajua pistoni iko wapi.

Ukiambiwa urudishe moto nyuma, usiguse magurudumu.

Usivute kiko mbele ya tundu lenye gunzi.

Usiurudishe mwiko kwenye ugali kabla ya kuuosha mara saba. Tulikula ugali wenye harufu ya oili wiki nzima, na aliyekunja uso alipewa wa pili.

Na usimlilie mtu mkono uliozikwa mpaka umsalimie mwenyewe, umkunjie na mkono wa koti.